Sababu ya kumpiga tunayo, sawa, ila nani kaikagua?

Hapa Dodoma ukitaka ubishi wa kukesha we taja vita. Sio mpira, sio bei ya mafuta, vita. Yoyote ile, ya Ukraine, ya Gaza, ya Kongo, alafu kaa pembeni usikilize, maana pale kijiweni Majengo kila mzee ni jenerali na kila kijana ana klipu kwenye simu ambayo anaamini inamaliza mjadala. Na ukichuja makelele yote swali linabaki moja: nchi ikihisi kuna mtu anaipangia mabaya, isubiri mpaka ushahidi ukamilike, au imuwahi kabla haijawahiwa?

Jibu langu nalitoa mapema ili asiyelipenda asepe mapema: hapana, nchi isiende vitani kwa kuhisi. Ila jibu hilo likiachwa hivyo hivyo halimsaidii mtu, kwa sababu ushahidi wa asilimia mia hauji, na anayeusubiri anaweza kuusubiri mpaka bomu limdondokee kichwani. Kwa hiyo mimi siulizi kama ushahidi ulikuwa kamili. Nauliza nini kilitangulia.

Kuna yale maneno ya Mwalimu ya Novemba 1978, sababu, uwezo, nia, kwamba vyote vya kumpiga Amin tunavyo. Hata mtoto wa juzi anayajua, kila mtu anayapanga anavyokumbuka, mwingine anaanza na uwezo mwingine anaanza na nia. Kwangu mpangilio ndio ishu yenyewe. Nchi ikianza na sababu, ikapima uwezo, ndio ikaweka nia, hiyo unaweza kukaa nayo mkabishana. Nchi ikianza na nia, alafu ikajiangalia ikakuta uwezo inao tele, basi sababu itatafutwa mpaka ipatikane na isipopatikana itashonwa kwa vipimo vya aliyeiagiza.

Nianzie nyumbani. Wagogo njaa zao wanazipa majina, na katika majina yote hilo la Mtunya ndilo linalotajwa kwa sauti ya chini. Ni njaa ya 1917 mpaka 1920. Bibi yangu hakuiona, aliisikia kwa mama yake, lakini alikuwa hatupi hata ukoko wa ugali wa uwele bila kuitaja. Na mimi nilikua nikidhani Mtunya ni ukame tu, maana kwetu mvua kukata sio habari. Kumbe mvua ilikuja kumalizia kazi ambayo Vita ya Kwanza ya Dunia ilishaifanya. Wajerumani walipita Ugogo wakachukua nafaka kwenye maghala, wakachukua ng'ombe, wakachukua wanaume kuwabebesha mizigo, na reli ya kati ilikuwa inapita hapa hapa kwa hiyo kila mwenye bunduki alikuwa na haja na Dodoma. Julai 1916 wakaingia wanajeshi wa upande wa Uingereza, wengi wakiwa wa Afrika Kusini, na wenyewe walikuwa na njaa vile vile, wakachukua kilichobaki pamoja na wanaume waliobaki. Ndipo mvua ikakata. Alafu 1918 mafua makali yaliyozunguka dunia nzima yakapita na kwetu. Yapo makadirio kwamba walikufa watu kama 30,000 katika Wagogo wapatao 150,000, yaani mmoja katika kila watano. Kijiji chenye watu mia tano unatoa mia moja.

Sasa hiyo vita ilianzia wapi? Ilianzia Sarajevo, mji ambao hao waliokufa Bahi na Mvumi hawakuwahi kuusikia. Tarehe 28 Juni 1914 kijana mmoja wa Kiserbia wa Bosnia alimpiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria. Serikali ya Austria-Hungaria kule Vienna ikataka kujua serikali ya Serbia imehusika vipi, ikamtuma ofisa wake anaitwa Friedrich von Wiesner aende Sarajevo akapekue mafaili. Huyu bwana alifanya kazi yake kama mtu mzima. Tarehe 13 Julai akapeleka telegramu: sijaona kitu kinachothibitisha kwamba serikali ya Serbia ilijua wala ilishiriki. Ofisa wao wenyewe huyo, waliyemtuma wenyewe, na aliwaandikia wenyewe. Siku kumi baadaye wakaipelekea Serbia masharti yaliyoandikwa makusudi ili yakataliwe na tarehe 28 Julai wakatangaza vita.

Ili niwe mkweli, baadaye ilijulikana kwamba kweli kuna watu wa intelijensia ya jeshi la Serbia walikuwa na mkono kwenye lile tukio, akiwemo mkuu wao Dragutin Dimitrijević. Kwa hiyo hisia za Vienna hazikuwa za kijinga. Hapo ndipo watu wengi wanaponibana wakisema si unaona, walikuwa sahihi! Sawa, ila siku wanaamua hawakuwa na hicho kitu mkononi, walikuwa na telegramu inayosema hakuna, na wakaiweka pembeni kwa sababu nia ilishakaa. Na aliyelipa deni ni mama wa Kigogo aliyekuwa hajui hata kama kuna nchi inaitwa Austria.

Nikishafika hapo watu wa kijiweni wananiambia hayo ni ya kale, siku hizi kuna setilaiti. Haya, twende kwenye setilaiti.

Irak. Tuanze kwa kumpa kila mtu haki yake, Saddam hakuwa mtu wa kusingiziwa. Machi 1988 pale Halabja aliwapiga Wakurdi wa nchi yake mwenyewe kwa gesi ya sumu na maelfu walikufa. Wakaguzi wa Umoja wa Mataifa aliwazungusha miaka na miaka mpaka wakaondoka 1998. Kwa hiyo kumshuku ilikuwa halali kabisa. Kwetu ng'ombe wakiibiwa usiku asubuhi watu wanaanzia kwenye boma la yule aliyewahi kushikwa na ng'ombe wa watu, na hakuna mzee atakayewalaumu kwa hilo. Lakini kuanzia kwake maana yake mnafuata nyayo mpaka zizini, mnahesabu, mnaangalia alama za masikio. Sio mnamchomea nyumba wakati waliotumwa kuhesabu bado wapo ndani ya zizi wanahesabu.

Na Irak ndicho kilichotokea, wahesabuji walikuwa ndani. Azimio 1441 la Baraza la Usalama lilipita Novemba 2002 kwa kura zote 15, wakaguzi wakarudi mwishoni mwa mwezi huo huo, Hans Blix akiwa na timu ya silaha za kemikali na za kibaiolojia, Mohamed ElBaradei na watu wake wakiangalia nyuklia. Wakawa wanaenda kwenye maeneo waliyoelekezwa na hizo hizo nchi zilizosema zina uhakika, wanafika, hawakuti kitu. Wakaomba muda. Hawakuomba miaka, Blix aliongelea miezi.

Badala ya miezi tukapata tarehe 5 Februari 2003, Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, amekaa kwenye Baraza la Usalama, bosi wa CIA amekaa nyuma yake, ameshika kichupa kidogo chenye unga mweupe wa mfano kuonyesha kimeta kidogo tu kinaweza kufanya nini. Nilikuwa bado mdogo lakini ile picha naikumbuka, tuliiona kwenye luninga ya dukani, watu wazima wamesimama kimya kabisa. Ukiwa unaangalia unasema basi, yameisha, mtu wa hadhi ile hawezi kuja mbele ya dunia bila kujua anachosema. Kulikuwa na picha za setilaiti, kulikuwa na sauti za watu waliorekodiwa, kulikuwa na michoro ya malori yenye maabara ya kutengeneza sumu ndani yake.

Yale malori sasa. Habari za yale malori zilitegemea sana mtu mmoja, mhandisi wa Kiiraki aliyekimbilia Ujerumani akiomba hifadhi, walimpa jina la siri Curveball. Alikuwa mikononi mwa Wajerumani na Wajerumani wenyewe walikuwa na mashaka naye wakasema, na Wamarekani waliokwenda vitani kwa maneno yake hawakuwa wamemkalisha chini wao wenyewe wakamhoji. Mwaka 2011 akawaambia waandishi wa habari waziwazi kwamba alitunga. Alitaka Saddam atoke. Yaani nchi kubwa kuliko zote duniani imebeba jeshi lake kwa stori ya mtu ambaye hapa kwetu hata mwenyekiti wa mtaa asingempa barua ya utambulisho bila kuuliza majirani.

Kuna na makaratasi ya Niger. Hayo yananiuma zaidi kwa sababu ni Afrika yetu hii ilitumika kama stoo ya visingizio, ilisemekana Irak inanunua urani Niger na kuna barua za kuthibitisha. ElBaradei alipozipata watu wake hawakuhitaji muda mrefu, moja ilikuwa na sahihi ya waziri ambaye kwenye hiyo wizara alishaondoka zaidi ya miaka kumi kabla ya tarehe ya barua yenyewe. Kitu ambacho karani yeyote wa masjala pale Mtumba angekigundua kabla ya chai. Tarehe 7 Machi 2003 akaliambia Baraza la Usalama kwamba hizo nyaraka sio halisi. Vita ilianza tarehe 20 Machi. Nusu mwezi haikuisha. Sasa niambie, kama sababu ndiyo iliyokuwa mbele, si sababu ikianguka na safari inaahirishwa? Safari haikuahirishwa hata siku moja.

(Angola, Kameruni na Guinea zilikuwa kwenye Baraza wakati huo, na kwa wiki chache wakubwa wote walikuwa wanazijali kweli kweli, mpaka waziri wa Ufaransa akafunga safari kuzizungukia zote tatu. Baada ya hapo simu zikaacha kuita nadhani.)

Januari 2004 David Kay, mtu aliyepewa kazi na Marekani yenyewe ya kuzitafuta zile silaha, akawaambia maseneta kwamba karibu sote tulikosea. Silaha hakuna. Wanajeshi wa Marekani walioishia kule ni karibu 4,500, wa Uingereza 179, raia wa Irak ni zaidi ya laki moja na hapo bado watu wanabishana ni mara ngapi zaidi. Uingereza waliunda tume, ripoti ya Chilcot ikatoka Julai 2016, juzuu 12, ikasema njia za amani zilikuwa hazijaisha wakati wanaamua kuvamia. Miaka 13 baadaye.

Hii nyingine ni fupi ila inatuhusu na nashangaa hatuiongelei. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Dar na Nairobi, Dar walikufa watu 11 na Nairobi zaidi ya 200. Tarehe 20 mwezi huo huo Marekani ikapiga makombora Afghanistan na pia kiwanda cha dawa cha Al-Shifa pale Khartoum, wakisema kinatengeneza malighafi ya sumu ya vita na kina uhusiano na bin Laden. Ushahidi mkubwa waliokuwa nao ni sampuli ya udongo uliochotwa nje ya kiwanda. Kiwanda kilikuwa kinatengeneza dawa, za watu na za mifugo, kwa nchi maskini. Mwaka uliofuata zile pesa za mwenye kiwanda walizokuwa wamezizuia Marekani wakaziachia kimya kimya badala ya kwenda kubishana mahakamani. Hiyo ilifanyika kwa jina la marehemu wetu jamani. Alafu angalia upande wa pili: wale waliokamatwa kwa ulipuaji wenyewe walipelekwa mahakamani New York, akiwemo Mtanzania mmoja, mashahidi wakaitwa, vielelezo vikawekwa mezani kimoja kimoja, na 2001 wakahukumiwa kifungo cha maisha. Kwa hiyo ushahidi wa kueleweka ulikuwepo. Ulihitaji tu watu wa kuukalia chini.

Basi nikamuuliza mjomba. Mjomba wangu alienda Kagera na mgambo akiwa kijana kabisa, leo ana mizabibu yake Hombolo na goti ambalo halikunji vizuri, na ni mtu ambaye ukimletea hoja za vitabuni anakusikiliza mpaka mwisho alafu anakuuliza umekula. Tunaitana mjomba wote wawili. Nikamwamkia, nikakaa, nikamwambia mjomba, hivi nyie mlipokwenda kumpiga Amin mlikuwa na ushahidi?

"Ushahidi? Daraja la Kyaka lilikuwa ndani ya maji mjomba. We ulitaka ushahidi gani, wenye muhuri?"

Na kweli, lile daraja la mto Kagera majeshi ya Amin yalishalilipua. Kagera ndiyo mfano wa sababu kutangulia. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka, tarehe 1 Novemba Amin mwenyewe akatangaza kwamba eneo lote kaskazini ya mto Kagera sasa ni la Uganda, mto ndio mpaka. Alijitolea ushahidi kwa mdomo wake. Watu walikuwa wanakimbilia kusini na watoto mgongoni, ng'ombe wameswagwa, kiwanda cha sukari kimeporwa. Ndio, redio ya Uganda ilikuwa imeshasema Tanzania ndiyo iliyoanza, kila vita ina redio yake. Lakini huhitaji setilaiti kujua nani kalala kwenye kitanda cha nani.

Ila mjomba sikumwachia hapo, nikamuuliza na Kampala je? Maana kumtoa Amin Kagera ni jambo moja, kumfuata mpaka kwake ni lingine. Mutukula ilichukuliwa Januari 1979, Masaka Februari, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Mwalimu alikuwa na hoja zake, kwamba Amin hajalifuta lile tamko lake na Umoja wa Nchi Huru za Afrika umegoma hata kumlaani, unataka tusuluhishwe tu na aliyetuvamia. Hoja nzito. Lakini ushahidi kwamba Amin akiachwa atarudi, huo ulikuwa wa kukisia, tabia yake ya nyuma ndiyo iliyokuwa inamshuhudia. Hapo sisi tulifanya kile kile ninachokilaumu kwa wengine, kwa kiasi fulani, na siwezi kuruka hilo eti kwa sababu ni letu. Mjomba akakaa kidogo akasema, "Kampala hatukuulizwa. Ila tungeulizwa tungeenda."

Tungeenda, nadhani ni kweli. Na bili ilikuja. Mwalimu aliomba miezi 18 ya kufunga mkanda, ikapita, mkanda ukabaki umefungwa. Vita ilikadiriwa kula zaidi ya dola milioni 500, malori na mabasi yalishachukuliwa kwenda kaskazini, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishakufa 1977, mafuta yakapanda bei dunia nzima. Mama anasimulia walivyokuwa wanafulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, na foleni za duka la kijiji ambapo ukifika mbele unakuta kuna unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, basi, na wenyewe ni wa kugombania. Sisemi vita peke yake ndiyo iliyoleta yale. Nasema hata vita yenye haki, yenye daraja ndani ya maji kama ushahidi, ilikula kizazi kizima cha watu waliokuwa wanajaribu kujenga nchi. Sasa fikiria ile isiyo na daraja.

Haya, kuna upande ambao unanisumbua na sitaki kuupita kama sijauona.

Kuna watu ambao neno ushahidi ni kichaka chao. Rwanda 1994. Januari 11 ya mwaka ule jenerali Roméo Dallaire, mkuu wa askari wa Umoja wa Mataifa pale Kigali, alituma faksi New York akisema ana mtoa habari ndani, kuna silaha zimefichwa, kuna orodha za Watutsi zinaandaliwa, na yeye anapanga kwenda kuzikamata hizo silaha. Akaambiwa asiende. Aprili ikafika na wote tunajua. Miezi ikapita wakubwa wanabishana kama kinachotokea kiitwe mauaji ya kimbari au kiitwe kitu kingine, maana wakikiita hivyo watatakiwa kufanya kitu. Wakati huo sisi ushahidi tulikuwa nao mlangoni: mwisho wa Aprili zaidi ya watu laki mbili walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya siku moja hivi, na mto Kagera ulikuwa unateremsha miili mpaka Ziwa Viktoria, watu wakaogopa hata kula samaki. Mto ule ule wa 1978. Mtu aliyekuwa anadai ushahidi New York angeletwa tu kusimama ukingoni dakika tano.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wenzangu wapenda amani wanaosema ushahidi usipokuwa kamili tukae. Dallaire hakuwa na ushahidi kamili, alikuwa na mtoa habari mmoja, kama Curveball alivyokuwa mmoja. Tofauti yao ni nini? Dallaire aliomba kwenda kuangalia. Alitaka kufungua hayo maghala aone kama silaha zipo au hazipo, na kama zingekuwa hazipo angeaibika yeye na yangeishia hapo. Wale wa 2003 walikuwa na watu wanaoangalia tayari, na wakawatoa ili waanze kupiga. Ukiniuliza nitakupimia hivyo siku zote, anayeamini kweli sababu yake hamfukuzi mkaguzi.

Sasa turudi Dodoma maana ndiko maamuzi yatakapofika, siku yakifika. Katiba yetu ya 1977 ibara ya 44 inasema Rais anaweza kutangaza kuwa kuna hali ya vita kati yetu na nchi nyingine. Akishatangaza anampelekea Spika nakala, Spika anashauriana na Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni, na ndani ya siku 14 Bunge linaitishwa kuitafakari hali na kuamua liunge mkono au lisiunge. Umeona mpangilio? Tangazo kwanza, wabunge baadaye. Tukiwa tumevamiwa sina shida na hilo hata kidogo, daraja likiwa majini Rais asisubiri koramu. Lakini ikiwa ni ile vita ya kumuwahi mtu, ya taarifa za intelijensia, ya "tunajua ila hatuwezi kuwaambia tunajuaje", siku 14 baada ya risasi ya kwanza ni za nini? Vijana wapo mstari wa mbele tayari, mbunge gani atasimama pale aseme hapana aitwe msaliti kabla hajafika getini?

Na Bunge lenyewe sio dawa, tusidanganyane. Agosti 1964 Marekani ilisema meli zake zimeshambuliwa mara mbili na Vietnam ya Kaskazini kwenye ghuba ya Tonkin, tarehe 2 na tarehe 4. La tarehe 2 lilikuwepo. La tarehe 4 halikutokea, ni mabaharia wenye presha usiku wa dhoruba wakisoma vibaya mitambo yao. Tarehe 7 baraza la wawakilishi likapiga kura 416 kwa sifuri, seneti 88 kwa 2. Kura safi kabisa za kwenda kwenye vita iliyoua Wamarekani zaidi ya 58,000, na Wavietnam kwa mamilioni. Na 2002 kwenye kura ya Irak ni hivyo hivyo, ile ripoti ya siri kuhusu silaha za Irak ilikuwa na kurasa ambazo wataalamu wa ndani ya serikali yenyewe walikataa, watu wa wizara ya nishati wakasema yale mabomba ya alumini ambayo Irak ilikuwa inayatafuta sio ya nyuklia, watu wa intelijensia wa wizara ya mambo ya nje wakaandika mashaka yao, na maseneta waliojisumbua kufungua hizo kurasa walikuwa wachache sana. Seneta Bob Graham alisoma, akapiga kura ya hapana. Wengine walisoma muhtasari.

Ninachotaka mimi ni kidogo tu na wala sio cha wanaharakati. Kama hatujavamiwa, kamati ya Bunge ya mambo ya nje, ulinzi na usalama ikae mlango umefungwa kabla ya tangazo, simu zikusanywe nje, na aitwe mchambuzi mwenyewe aliyeandika taarifa, sio waziri wa kuisoma vizuri. Na aitwe pia yule aliyekataa, maana kwenye kila ofisi yupo mmoja aliyekataa, Vienna alikuwa Wiesner. Alafu neno vita lisiwe la tangazo peke yake, kwa sababu vita za siku hizi hazitangazwi. Wanajeshi wetu wamekufa Kongo wakiwa na kofia za bluu za Umoja wa Mataifa, zaidi ya kumi kwa siku moja Desemba 2017 pale Semuliki, na hizo siku 14 za ibara ya 44 hazikuwahi kuanza kuhesabiwa kwa sababu hakuna aliyetangaza vita na mtu. Ile ya Ziwa Nyasa na Malawi 2012, ambapo kuna waliosema jeshi liko tayari wakati ugomvi ni mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 na jinsi ya kuusoma, hiyo ilikwenda kwa wasuluhishi na mpaka leo haijaisha na hakuna mvuvi aliyepigwa bomu. Mimi naihesabu kuwa ni mafanikio.

Nilimsomea mjomba haya mapendekezo. Akasema wabunge watavujisha kabla chai ya saa nne haijamwagwa vikombeni. Inawezekana kabisa. Nikamjibu kwamba za Powell hazikuvujishwa na mtu, alizisoma mwenyewe mbele ya dunia nzima mchana kweupe, na siku zile wangepatikana watu watano wa kumuuliza maswali magumu siku tatu kabla, pengine angekirudisha kile kichupa kwenye begi. Mjomba akaniuliza nimekula.